Taa ya Pointi Namba Nne

Pale Milanzi, pembeni mwa mji wa Sumbawanga, ng'ombe akila mahindi ya mtu na mwenye ng'ombe akakana, hakuna aliyehangaika kutafuta shahidi. Watu walikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Nestory, fundi redio. Kama Nestory ameona, atasema ameona. Kama hakuona, hata umpelekee mbuzi mzima hatasema. Ngeleja, mfugaji aliyehamia na makundi yake kutoka Usukuma, aliwahi kushindwa kesi ya shamba la ulezi kwa maneno matatu tu ya Nestory, "Ni ng'ombe wako." Mwezi uliofuata redio yake ikafa, na akaipeleka kwa Nestory huyohuyo. Alisema mtu asiyeweza kudanganya juu ya ng'ombe hawezi kudanganya juu ya betri.

Sifa hiyo Nestory aliijua na, tuseme ukweli, aliipenda kupita kiasi. Alitembea nayo mtaani kama mtu aliyevaa koti jipya siku ya kazi. Wala hakuwa ameipata bure, kwani ilimgharimu dada yake wa pekee.

Zamani, kabla ya kufungua kibanda, Nestory alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya mabehewa ya shirika moja la umma, mbali na kwao. Shirika lenyewe halipo tena. Uwanja wa karakana ile ulikuwa na reli nyingi, zikigawanyika mahali saba. Mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili, wafanyakazi walipaita pointi. Kila pointi ina kipande kirefu cha chuma, ulimi wa reli, unaosogezwa na mota. Ukilala kushoto, treni inakwenda kushoto, na ukilala kulia inakwenda kulia. Mwongozaji alikaa kwenye chumba cha juu, mbele yake ubao wenye swichi saba na taa saba. Sheria yake ilikuwa fupi: bonyeza swichi, tazama taa. Taa ikiwaka kijani, maana yake ulimi umekwisha kuhama, basi ruhusu kichwa cha treni kije.

Waya za ubao ule alizifunga Nestory kwa mikono yake. Mwongozaji alikuwa Kasmir, kijana wa Malangali ambaye Nestory mwenyewe alimwombea kazi, akamkaribisha kwake wale pamoja, na kabla ya mwaka kwisha akawa shemeji yake kwa kumwoa yule dada, Hellena. Wakati huo hapakuwa na watu wawili waliopendana kwenye karakana nzima kama wale.

Asubuhi moja ya mwaka themanini na sita, kichwa cha treni kilifika pointi namba nne na badala ya kwenda njia iliyokuwa wazi kikaingia kwenye njia yenye mabehewa yaliyosimama. Kati ya mabehewa mawili alikuwa amesimama Eustaki, mfunga mabehewa, mtu wa Kasanga. Walimtoa akiwa hai. Mguu wake wa kulia haukurudi naye nyumbani.

Kasmir aliiambia kamati ya uchunguzi kwamba alibonyeza swichi na taa ikawaka kijani. Hakuwa na neno lingine. Pointi yenyewe ilikuwa imevunjwavunjwa na ajali, na mafundi wa makao makuu walikuwa wameshaing'oa na waya zake zote mpaka kwenye ubao, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kutazama ila mchoro. Wakaukunjua mchoro juu ya meza, wakamwita aliyefunga waya. Hellena alikuwa nje kwenye benchi, na mimba ya miezi saba, mlango ukiwa wazi. Mwenyekiti akauliza kama inawezekana taa ya namba nne kuwaka kijani na ulimi wa reli haujahama.

Nestory aliutazama mchoro, akamtazama Kasmir, akaurudia mchoro. Kwenye mchoro waya wa taa ulitoka chini ya ulimi wa reli wenyewe, ukaja mpaka kwenye ubao. Ulimi usipohama, waya haushikani, na waya usiposhikana, taa haiwaki. Kitu hicho angekijua hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Haiwezekani," alisema. "Taa inafuata reli, haifuati mkono wa mtu."

Kasmir alifukuzwa kazi bila kulipwa haki hata moja, akarudi Malangali kushika jembe. Nestory alipewa mkono na mwenyekiti. Habari zikapanda mpaka Ufipa zikiwa zimenona: yuko mtu kasema kweli juu ya mume wa dada yake mwenyewe. Mwaka wa tisini na tatu, shirika lilipowekwa sokoni na wafanyakazi kupunguzwa, Nestory naye alirudi nyumbani akakuta jina lake limemtangulia.

Tangu hapo Hellena alimwamkia shikamoo na kuishia hapohapo. Kwenye misiba na harusi, wanaume walipozunguka chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake, Kasmir alikaa chungu hiki na Nestory chungu kile. Kilichokuwa kigeni ni kwamba Kasmir hakuwahi kumtukana, wala kumlaumu kwa watu, wala kusema alionewa. Nestory alilichukulia hilo kuwa kukiri. Mtu aliyeonewa hupiga kelele, alijiambia, na akalala usingizi wake vizuri kwa miaka kumi na miwili.

Basi mwaka wa tisini na nane, mwezi wa saba, ule wakati upepo wa Ufipa unapokata masikio, Bashiri alimwita Nestory dukani. Bashiri ni wa familia moja ya wafanyabiashara wenye maduka na malori, na alikuwa amemaliza kujenga duka jipya la milango mitatu. Milango hiyo ilikuwa imemtia wazimu kidogo. Alitaka siku ya kuifungua mji mzima uje, na alikuwa amepata kitu cha kuuleta.

Kitu chenyewe kilikuwa ndani ya kasha la mbao lililovuka ziwa kutoka upande wa Zambia mpaka Kasanga, mali ya mhandisi mmoja wa migodi aliyekuwa amerudi kwao Ulaya. Nestory alilifungua kwa bisibisi, akainua gazeti la juu. Ilikuwa treni ya mchezo. Kichwa chake kilikuwa cha urefu wa kiganja, kina taa, kina namba, kina mpaka ngazi ya dereva kupandia. Kulikuwa na mabehewa kumi na moja, na vipande vya reli visivyo na hesabu. Chini kabisa, zimefungwa kwenye kitambaa, kulikuwa na pointi saba, kila moja na ulimi wake mwembamba na sumaku ya umeme ya kuusogeza. Hata vibati vya shaba vya kushika waya wa taa vilikuwepo chini ya ulimi, kama kwenye reli ya kweli.

Alikaa chini sakafuni. Mtu mzima wa miaka hamsini na mitano alikaa sakafuni akiwa ameshika pointi mkononi, na Bashiri akacheka mpaka mkewe Kulsumu akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Ubao wa kuongozea ndio uliokuwa umeoza kwa maji ya ziwa, na ndio Nestory alioitiwa autengeneze upya. Bashiri alieleza anavyotaka: meza kubwa katikati ya duka, reli zizunguke, na pembeni ubao wenye swichi na taa, ili watu wa Sumbawanga, mji ambao haujawahi kusikia honi ya treni, waone treni ikigeuka kwa kidole cha mtu. Kasha, alisema, limeletwa na lori lake la Kasanga, lilelile ambalo shemeji yake Nestory hupanda kila mwaka baada ya mavuno na gunia la maharage. Bashiri alishamuuliza mara mbili ni biashara gani hiyo ya kupeleka gunia na kurudi mikono mitupu, bila hata samaki, na Kasmir hucheka tu. Nestory alijibu kwamba mambo ya Kasmir hayajui.

Kisha Bashiri akafungua stoo ili fundi achukue waya, na hapo Nestory alipigwa na butwaa la pili siku hiyohiyo. Rola za waya zilipangwa kutoka sakafuni mpaka darini, nyekundu, za njano, za buluu, za kijani, bado zikiwa na nailoni zake. Kule karakana, miaka ile ya uhaba, kipande cha waya cha urefu wa mkono kiliandikiwa barua. Fundi alivua waya kwenye jenereta iliyokufa kama anavyochuna ngozi ya mbuzi, akaunyoosha kwa kuupitisha kwenye kitasa cha mlango, akautumia tena. Nestory aliigusa ile rola ya kwanza kwa kidole kimoja. Alijikuta amekasirika na hakujua amemkasirikia nani.

Bashiri alimwambia akate anavyotaka, hakuna atakayempimia.

Kazi ilichukua siku tisa. Nestory alichora mistari ya reli juu ya plaiwudi, akatoboa matundu saba ya swichi na saba ya taa. Balbu za tochi alizipaka rangi ya kucha ya kijani aliyopewa na Kulsumu. Chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya alikipasha kwenye jiko la mkaa nyuma ya duka, na umeme wa kuendeshea vyote aliutoa kwenye betri ya lori. Kila taa ilitakiwa kupata waya wake kutoka chini ya ulimi wa pointi yake, uzunguke chini ya meza, uje mpaka kwenye ubao. Ni kazi ya kuinama na kutambaa, na magoti yake yalimsema. Pointi ya nne ilikuwa mbali kuliko zote, pembe ya mwisho ya meza. Taa yake aliifunga haraka, siku ya nane, Bashiri akiwa ameenda kuswali adhuhuri.

Siku ya tisa, Ijumaa, walijaribu. Ufunguzi ulikuwa kesho yake. Bashiri alijifungia dukani na Kulsumu na Nestory, akawasha, na kile kichwa kidogo kikaanza kuvuta mabehewa yake kumi na moja kwa sauti ya cherehani. Kulsumu alishika mdomo. Nestory alibonyeza namba moja, ulimi ukahama, taa ikawaka kijani, treni ikageuka. Namba mbili vilevile, na namba tatu. Bashiri alikuwa anaruka kama mtoto, tajiri mzima mwenye malori manne.

Nestory akabonyeza namba nne. Taa ikawaka kijani. Treni ikafika pembe ya meza, ikapita palepale ilipokuwa haitakiwi kupita, ikaingia njia ya pembeni alipokuwa ameegesha mabehewa mawili ya mfano, ikayagonga na kuyaangusha.

Hakuna kilichovunjika. Bashiri alicheka, akainama kuokota behewa, na akasema neno ambalo kwake lilikuwa utani wa kawaida.

"Fundi, taa yako inasema kijani na reli haijaenda popote."

Nestory aliuacha ubao. Alikwenda mpaka pembe ya meza akaitazama pointi. Kati ya ulimi na reli palikuwa na tone la risasi, dogo kama punje ya ulezi, lililodondoka alipokuwa analehemu waya za sumaku. Ulimi ulikuwa umebanwa na haukusogea hata unywele. Lakini taa, kule kwenye ubao, ilikuwa inawaka kijani kwa raha zake.

Haiwezekani, alijisemea, na neno lile akalitambua papo hapo kuwa ndilo aliloiambia kamati. Aliupindua ubao. Taa sita zilikuwa na waya mrefu ulioshuka kwenda chini ya meza. Ya saba, ile ya namba nne, haikuwa na waya mrefu. Ilikuwa na kipande cha urefu wa kidole, kimetoka kwenye swichi yenyewe na kuishia kwenye balbu. Mtu akibonyeza swichi, taa inawaka, basi. Haiulizi reli.

Nani kafanya hivi? Hilo ndilo swali lililomjia kwanza, na alikuwa karibu kumgeukia Bashiri. Lakini lile fundo la waya alilijua. Mizunguko mitatu, ncha imelazwa kulia. Hakuna fundi mwingine Ufipa nzima anayefunga hivyo. Mkono wake mwenyewe ulifanya, stoo ikiwa imejaa waya mpaka darini, na haukumshauri.

Na mkono haukuwa umebuni. Ulikuwa umekumbuka. Masika ya mwaka themanini na tano, panya walikula waya wa taa ya namba nne kwenye mfereji wake. Stoo ya shirika haikuwa na waya hata wa kufungia mkungu wa ndizi, na mtunza stoo alimwambia asubiri mzigo. Uwanja haungeweza kusubiri. Nestory alikata kipande cha urefu wa kidole, akaiunga taa kwenye swichi, mizunguko mitatu, ncha imelazwa kulia, kwa muda tu mpaka mzigo ufike. Mzigo haukufika. Kila siku palikuwa na kitu kingine cha kuungaunga, na kile kipande kikasahaulika chini ya vingine mia. Ilipofika siku ya kamati, wakamwekea mchoro, naye akajibu yaliyokuwa kwenye mchoro, kwa moyo mweupe kabisa.

Kulsumu ndiye aliyeona kwamba fundi ameshika meza kwa mikono yote miwili. Alimletea stuli na chai ya sukari nyingi. Bashiri alimwambia asijali, aiunge vizuri, kesho nani atajua. Alikuwa anasema juu ya meza yake. Nestory alimsikia vingine, na hofu ikampanda, kwa sababu ilikuwa kweli. Koleo lilikuwa mkononi, rola ya waya ilikuwa miguuni, na kwa dakika kumi za kazi kile kipande kingetoweka tena kama kilivyotoweka mara ya kwanza. Angetoka pale akiwa Nestory yuleyule wa Milanzi, asiyedanganya. Watu wangeendelea kumwita shahidi kwenye kesi za mipaka yao. Nani angefukua waya wa miaka kumi na mitatu?

Alikaa kwenye stuli ile mpaka chai ikapoa. Halafu akaweka koleo mezani, akamwambia Bashiri asiguse kitu, tone la risasi liachwe palepale, akatoka.

Alitembea kwa miguu mpaka Malangali, upepo ukimpiga kifuani. Njiani alisalimiwa na watu watatu na hakumjua hata mmoja. Hellena alikuwa uani anapepeta maharage, akainuka na ungo mkononi. Kaka yake hakuwa amekanyaga uwanja ule pasipo msiba hata siku moja.

"Shikamoo kaka. Nani amekufa?"

Alisema hakuna aliyekufa, ana shida na shemeji. Ukutani palikuwa na gunia limeshonwa tayari. Aliliona na hakulitilia maanani. Kasmir alitoka nyuma ya nyumba akipangusa udongo mikononi, mwembamba kuliko Nestory alivyomkumbuka. Alisikiliza ombi la kwenda dukani kwa Bashiri kutazama kitu. Hakuuliza ni kitu gani, alikwenda akavaa viatu.

Waliingia dukani kukiwa bado na jua. Kasmir alipoiona meza alisimama mlangoni akazihesabu pointi kwa macho. Pointi saba, njia zilezile, maana Nestory, bila hata kujishauri, alikuwa amezipanga kama uwanja wao wa zamani. Kisha akausogelea ubao, akavuta stuli, akakaa, na mikono yake miwili ikajiweka pande zote za zile swichi kana kwamba aliondoka pale jana.

"Bonyeza nne," Nestory alisema.

Kasmir alibonyeza. Taa ikawaka kijani. Nestory akamwomba atazame pembe ya meza. Kasmir alitazama ulimi wa reli uliokuwa umelala vilevile, akaitazama taa, akautazama ulimi. Akazima, akabonyeza tena. Alifanya hivyo mara nne au tano, na kila mara alitazama kwa makini zaidi.

Ndipo Nestory akaupindua ubao, akamwonyesha kile kipande, akamwambia yote: panya, masika, mtunza stoo, mzigo ambao haukufika. Alimwambia alisahau, halafu akasema kusahau kwenyewe si sababu, kwa kuwa angeweza kusema mbele ya kamati kwamba hana hakika, na yeye alisema haiwezekani. Bashiri, nyuma yao, aliyekuwa hajui habari hii hata robo, aliacha kusogeza maboksi.

Njia nzima ya kutoka Malangali Nestory alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alijiandaa hata kupigwa, na angepigika kwa shukrani. Kwa alichoambiwa hakuwa amejiandaa.

Kasmir alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye taa. "Nilikikumbuka kidole changu, shemeji. Nilikikumbuka kinabonyeza. Lakini uliposema haiwezekani nikajiuliza, huyu amewahi kunidanganya lini? Nikaona bora nikikatae kidole changu kuliko kukukataa wewe."

Alikigusa kile kipande cha waya, akaendelea.

"Nikamwambia Hellena nilisahau kubonyeza. Nikamwambia padri. Nikaenda Kasanga nikamwambia Eustaki mwenyewe, nimepiga magoti mbele ya watoto wake, kwamba kosa ni langu. Kila mavuno nampelekea gunia. Mwaka wa nne ndipo aliponisamehe. Sasa nikamwambie nini?"

Miaka yote Nestory alidhani ukimya wa shemeji yake ni wa mtu aliyebanwa na ukweli. Kumbe ulikuwa wa mtu aliyemwamini. Lile koti lake la kusema kweli, alilotamba nalo Milanzi nzima, lilikuwa limefumwa kwa uzi wa huyu hapa, naye akikaa uchi Malangali. Alilia, na hakujificha. Kulsumu akageukia ukuta.

Mwishowe Kasmir ndiye aliyesimama. Hakumshika bega, hakumwambia haidhuru, na Nestory hakutegemea. Alisema tu kwamba ubao hauwezi kubaki vile, akachukua rola ya waya, akalala chini ya meza na kuanza kuuvuta kuelekea pembe ya mbali, akiuacha mrefu, mrefu kuliko ulivyohitajika. Nestory alilitoa tone la risasi kwa ncha ya bisibisi, akakata kile kipande cha kidole, akakitia mfukoni. Walipomaliza, Kasmir alimwambia Bashiri kwamba kesho ubao atauendesha yeye, kama anaruhusu, na Bashiri alikubali kabla hajamaliza kusema.

"Gunia liko ukutani nyumbani," Kasmir alimwambia shemeji yake, akiwa tayari mlangoni. "Lori linaondoka alfajiri, nitalileta hapa. Mwaka huu utapanda nalo wewe. Hellena nitamwambia mimi mwenyewe, leo, na usije mpaka nikuite."

Kwa hiyo siku mji wa Sumbawanga ulipojazana kwenye milango mitatu ya Bashiri, watu wakipanda mabegani mwa wenzao kuona treni ikigeuka, aliyeifunga hakuwepo. Alikuwa juu ya lori, amekalia gunia la maharage, akiteremka milima kuelekea ziwani, vumbi limemjaa masikioni. Hakuna aliyemuuliza shahidi anakwenda wapi.

Kasanga hakuhitaji kuuliza njia. Lori lilisimama karibu na gati, na mtu mmoja mwenye magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kufungwa kwa pini, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliopinduliwa, anatengeneza wavu. Alikuwa ameshazoea siku hiyo ya mwaka. Alilitambua gunia kwanza kwa mshono wake, halafu akamtafuta mtu aliyezoea kuja nalo, na uso wake ukaingia wasiwasi.

"Kasmir yuko wapi? Anaumwa?"

"Mzima," Nestory alisema. Alishuka kwenye lori. "Ila miaka yote hii ilikuwa nije mimi."

Eustaki aliacha wavu. Nestory aliliteremsha gunia mpaka mchangani, akatoa mfukoni kile kipande cha waya, akakiweka kwenye kiganja cha Eustaki, na kuanza kumsimulia kuanzia kwa panya.